Kiingereza cha Shimoni

Shule yetu ilikuwa juu ya Nakuru, upande wa kuelekea Dundori, kwenye ardhi iliyokuwa zamani ya mlowezi mmoja kabla ya kugawiwa wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, na asubuhi maji ya kunawa yaliuma vidole. Ukutani, karibu na ofisi, walikuwa wamepaka rangi kwa herufi kubwa maneno yasemayo kwamba kila msichana ni nyota. Mimi nilitoka Olenguruone, mbali huko Mau, na nilipoingia kidato cha kwanza niliuamini ukuta ule kwa wiki moja hivi.

Wiki ya pili tulipangwa foleni nje ya ukumbi. Ndani alikuwa ameketi mkuu wa idara ya Kiingereza, mwanamume wa sweta la kijivu na tai, ambaye akizungumza nawe alitazama juu ya kichwa chako kana kwamba anamwona mtu wa maana zaidi akija nyuma yako. Kila msichana alipewa aya fupi aisome kwa sauti. Yangu ilikuwa habari ya mwokaji mikate na nguruwe wake. Kwa Kiingereza, habari hiyo imejaa p na b, na kwetu nyumbani p na b ni ndugu wanaoazimana nguo.

Niliisoma yote bila kukwama. Niliielewa pia: nguruwe alikula mikate, mwokaji akamchinja nguruwe, halafu akakosa wa kumlaumu. Nilikuwa tayari kuulizwa habari hiyo ina maana gani. Sikuulizwa. Aliniambia nirudie neno la nguruwe. Nikarudia. Akamwita mwalimu wa jiografia aliyekuwa akipita mlangoni aje asikie, nikarudia tena, wakacheka wote wawili. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Menengai."

Ndivyo nilivyopangiwa Kiingereza changu cha miaka minne.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Masomo mengine yote tulisoma pamoja katika madarasa yetu ya kawaida. Ikifika saa ya Kiingereza, kidato kizima kilivunjwa na kupangwa upya kwa mikondo mitatu, na mikondo hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeipa majina. Mkondo wa juu uliitwa Kilimanjaro, mlima ambao hata si wetu. Wa katikati uliitwa Longonot. Wa chini ukaitwa Menengai. Siku ya kwanza alitueleza kwamba majina ni majina tu, hayana maana yoyote, ni jiografia ya kutupanua akili. Lakini hakuna mtoto wa Nakuru asiyejua Menengai ni nini. Unapanda, unapanda, ukifika juu unachungulia shimo. Kabla ya mwezi kwisha wasichana wa Kilimanjaro walikuwa wakituita watu wa shimo, na yeye alipowasikia alitabasamu kama mtu aliyesifiwa shairi lake.

Waliopelekwa Kilimanjaro walikuwa wametoka shule za msingi za kulipia za mjini na walijua kutamka maneno puani. Sijui walijua nini kingine. Mwalimu hakuwapima kwa kingine. Mwenyewe, r na l zilikuwa zikibadilishana viti kinywani mwake siku nzima, lakini yeye hakuwa na wa kumsimamisha ukumbini.

Menengai nilikaa dawati moja na msichana wa Dundori, binti wa wakulima wa viazi. Alikuwa na kigugumizi. Ukumbini alikuwa bado anapambana na neno la kwanza la aya yake wakati mwalimu alipoita anayefuata. Basi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alikuwa na akili kali na ulimi mchungu, na kwa kuwa maneno yalimgharimu, hakupoteza hata moja.

Kidato cha kwanza chote tulijaza mapengo. Mwalimu wa zamu aliandika ubaoni sentensi zenye nafasi wazi, nasi tukachagua kineno kidogo cha kutia hapo, siku baada ya siku, kama watu wanaopanda mbegu shambani pasipo mvua. Kupitia dirishani tuliwasikia Kilimanjaro wakifanya midahalo na kupigiana makofi. Niliwaonea wivu.

Kidato cha pili ukaja wakati wa kujifunza kuandika. Mkuu wa idara ndiye aliyetunga maswali ya mikondo yote. Kilimanjaro waliambiwa wajifanye magavana na waandike hotuba ya kuwashukuru wapiga kura. Longonot waliambiwa waandike kumbukumbu za mkutano wa chama cha akiba na mikopo. Sisi tuliambiwa tuandike barua ya kuomba kazi ya kukata maua katika shamba la maua Naivasha.

Shangazi yangu alikuwa akikata maua Naivasha. Hakuandika barua yoyote. Alisimama langoni asubuhi na wanawake wenzake mpaka msimamizi akaja kuchagua. Kwa hiyo hata hapo, alipokuwa akitupangia maisha ya chini, huyu bwana hakujisumbua kujua maisha hayo yanaingiwa vipi. Mimi niliandika nilivyoagizwa, kwa adabu zote, nikamhakikishia meneja kwamba nina afya njema na mikono mizuri, nikapata alama nyingi kuliko wote darasani. Hadi leo sijawahi kupata alama zinazonitia kinyaa kama zile. Msichana wa Dundori aliandika barua ya kuomba kazi ya umeneja. Alieleza angebadilisha nini katika shamba hilo, kuanzia na vyoo. Alipewa sufuri, na kando yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu: soma swali.

"Ni-nilisoma," aliniambia. "Ndiyo maana."

Kidato cha tatu ndipo huanza vitabu teule, ile riwaya na ile tamthilia ambazo mtihani wa kitaifa hutungiwa maswali. Hapo nilidhani hata sisi tutainuka, kwa sababu mtihani ule ni mmoja kwa watoto wote wa nchi. Hauulizi ulikuwa mlima gani. Vitabu vilikuja kwa makatoni kutoka serikalini, kimoja kwa kila msichana, nasi tulisaidia kuyabeba kutoka kwenye lori. Kilimanjaro wakagawiwa. Longonot wakagawiwa, kimoja kwa watu wawili. Vyetu vikafungiwa stoo. Tuliambiwa tungeviharibu, na kwamba watu wa kiwango chetu huchanganyikiwa wakipewa kitabu kizima. Tukifika kidato cha nne tutapewa muhtasari wa kurasa chache wa kukariri, na huo utatutosha kupata D, ambayo kwetu itakuwa ushindi.

Mwaka huo tulipata mwalimu mpya, mwanamke kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muda. Alivaa viatu vya raba kwa sababu ya matope na hakuwa mkali. Siku ya tatu alituuliza tumefika wapi katika riwaya. Tukamwambia hatuna. Alidhani tunatania. Alipojua hatutanii, kesho yake akaja na nakala yake mwenyewe ya tangu chuoni, imefungwa kwa selotepu, akaketi juu ya meza na kuanza kutusomea.

Sina hakika kama nilikuwa nimewahi kusomewa kitabu kabla ya siku hiyo. Alisoma bila mbwembwe. Akifika mahali pagumu alisimama na kutuuliza tunaonaje, na akasubiri jibu kwa kweli, hata la yule mwenzangu wa Dundori, ambaye alihitaji kusubiriwa. Hatukuandika chochote. Tulisikiliza, tukabishana kuhusu yule mwanamke wa kwenye riwaya kama alikuwa na haki ya kumwacha mumewe, tukaendelea kubishana hadi kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana.

Haikupita muda mkuu wa idara akaingia katikati ya kipindi na kuketi nyuma. Alisikiliza kidogo, akainuka, akamuuliza mbele yetu nani alimruhusu kuacha silabasi ya mkondo. Yule mwalimu akajibu kwamba hii ndiyo silabasi. Wakatoka nje. Hatukusikia waliyosemezana, lakini tuliporudi kutoka likizo hakuwapo. Mkataba wake haukuongezwa. Tukarudia kujaza mapengo.

Nawadharau wengi katika habari hii, na wa kwanza ni mwalimu mkuu wetu, mwanamke aliyejua kila kitu na kuchagua kukagua soksi. Kila Ijumaa alipita akituvuta soksi juu. Msichana mmoja alipomwuliza kwa heshima kuhusu yule mwalimu, alimjibu kwamba mambo ya taaluma yana wenyewe.

Basi tukaingia kidato cha nne. Muhula wa kwanza tuligawiwa ule muhtasari: karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, zenye wino hafifu. Mkasa wote wa riwaya ulikuwa umekwisha kabla ya mgongo wa karatasi ya kwanza. Yule mwanamke tuliyembishania mwaka uliopita alikuwa amepewa sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa na makosa: ilisema kwamba mumewe ndiye aliyemwacha. Mwalimu wa zamu hakuja. Saa ya Kiingereza ya Menengai mara nyingi haikuwa na mtu, kwa kuwa mikondo yote ilifundishwa kwa wakati mmoja na walimu hawakutosha, na wakikosekana, sisi ndio tuliokosa.

Msichana wa Dundori alisoma karatasi zake mpaka mwisho, akazikunja, akazitia chini ya mguu wa dawati uliokuwa ukicheza. Kisha akasimama na kuinua kiti chake.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Ki-kilimanjaro."

Hakuna aliyetoa hotuba. Nami nikainua changu, na nyuma yetu nikasikia viti vikiburuzwa. Tulivuka uwanja wa nyasi darasa zima, kila mtu na kiti chake kichwani au begani, na wasichana wa kidato cha kwanza waliokuwa nje kwa somo la mazoezi walisimama kututazama wakidhani tunahamishwa.

Mkuu wa idara alikuwa mbele ya darasa lake akizungumza. Tuliingia, tukaweka viti nyuma na kando ya kuta, palipokuwa na nafasi. Alingoja mpaka kelele zikatulia.

"Mmepotea?" akauliza.

Nilikuwa karibu naye kuliko wengine, ikabidi nijibu mimi. "Hapana, mwalimu. Tumekuja kusoma kitabu."

"Darasa lenu liko wapi?"

"Halina mwalimu."

Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemwongelesha mgeni kiziwi, kwamba somo hilo limetupita kimo na kwamba kukaa pale hakutatuongezea kitu ila aibu. Hakuna aliyetoka. Akasema yeye hafundishi sokoni, akatoka mwenyewe kwenda kumwita mwalimu mkuu.

Basi nikapata kuliona darasa nililolionea wivu miaka yote ile. Ubaoni palikuwa na sifa za mhusika mkuu zilizoandikwa moja chini ya nyingine: jasiri, mwenye tamaa, mwenye huruma. Mezani mwalimu aliacha kitabu chembamba cha jalada linalong'aa. Haikuwa riwaya. Ilikuwa mwongozo, wa aina ile inayouzwa katika kila duka la vifaa vya shule mjini Nakuru, na ule ubao ulikuwa umenakiliwa kutoka humo neno kwa neno. Nikamuuliza msichana aliyekuwa karibu nami, kiranja wa Kilimanjaro, wamefika wapi katika riwaya yenyewe.

"Hatuisomi," akasema. "Anatusomea noti tunaandika."

"Tangu kidato cha tatu?"

"Tangu kitambo. Vitabu tunaambiwa tusivichafue."

Akanionyesha chake. Kilikuwa kimevikwa jalada la plastiki, na kilipofunguliwa uti wake ulilia, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza. Bado kilinukia gundi.

Sijui nieleze vipi nilichohisi. Nilikuwa nimewachukia wasichana wale kwa karamu waliyokuwa wakila bila sisi, na kumbe hawakuwa wanakula chochote. Walikuwa wakiandika imla. Mwanamume yule hakuwa na Kiingereza kikubwa alichotunyima. Alikuwa na mwongozo wa dukani na tai. Nadhani hata riwaya hakuwa ameisoma, na ule muhtasari wetu uliokosea ni ushahidi tosha. Mpaka hapo nilikuwa nikimwogopa. Woga uliniisha nikiwa nimesimama pale, na kilichobaki ni dharau, ambayo ni nyepesi zaidi kuibeba.

"So-soma wewe," msichana wa Dundori akaniambia.

Nikachukua kitabu cha kiranja nikaanza mwanzo kabisa, kwa sauti, na p zangu na b zangu. Palipotokea ya kwanza waliokaa mbele wakacheka. Palipotokea ya pili wakacheka wachache. Baadaye kidogo nilisikia kurasa zikifunguliwa darasani kote, walikuwa wakinifuata. Nilipofika mahali mume anaporudi nyumbani na kukuta mlango umefungwa, mmoja wa waliocheka alisema, "Ngoja, rudia hapo," na hakuwa akizungumzia matamshi yangu.

Mwalimu mkuu alitukuta hivyo. Hakuuliza tunasoma nini. Alitutaka Menengai wote, na Menengai peke yetu, tuchukue masanduku twende nyumbani na kila mmoja arudi na mzazi.

Mama alisafiri nami kutoka Olenguruone akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Ofisini mwalimu mkuu alimweleza kwamba nimechochea fujo. Mkuu wa idara akaongeza maelezo marefu kwa Kiingereza, na mama, ambaye hakuyaelewa, aliitikia kwa kichwa kila bwana huyo aliposimama kupumua, akifikiri ndiyo adabu. Niliona mkuu wa idara anafurahia kuitikiwa. Alikuwa na mzazi mbele yake aliyekuja kutoka mbali kwa ajili ya mtoto wake, na akachagua lugha ambayo mzazi huyo haijui, halafu akafurahia.

"Waombe msamaha," mama akaniambia.

Nikaomba, kwa Kiingereza, sentensi nzima isiyo na pengo hata moja.

Tulipotoka hadi kwenye lango nilitaka kumlaumu mama. Alikuwa akifungua leso aliyofungia mandazi anipe. "Nilikuambia uombe msamaha," akasema. "Sikukuambia uache kusoma." Kisha akaniuliza kama ile baridi ya pale huwa inaisha, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Si wazazi wote waliokuwa wapole kama yeye. Baba wa msichana wa Dundori alikuwa mwanachama wa kamati ya maji na alizoea mikutano. Alikaa ofisini muda mrefu, na alipotoka alikwenda moja kwa moja stoo akasimama mlangoni, akasema anangoja kuona vitabu ambavyo serikali ilimletea mtoto wake. Wazazi wengine wakaja kusimama naye. Mwalimu mkuu alihesabu haraka kichwani mwake nini kingetokea kama habari hizi zingefika kwa wakaguzi, na ufunguo ukapatikana.

Hivyo tukapata vitabu. Mwalimu hatukupata. Tuliisoma riwaya na tamthilia wenyewe, kwa zamu, kwa sauti, na jioni kiranja wa Kilimanjaro alikuwa akija na wenzake wachache kubishana nasi. Mkuu wa idara aliendelea na imla yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipopishana nami kwenye veranda alitazama juu ya kichwa changu kama kawaida, nami niligundua kwamba nimerefuka na sasa hana budi kuinua shingo.

Matokeo yalipotoka, nilipata B katika Kiingereza. Msichana wa Dundori alipata B pia, kwa kuwa karatasi haisikii kigugumizi. Lakini nisiifanye hadithi tamu. Wengi wa Menengai walipata D, na wengine chini ya hapo. Miezi michache ya kusoma haiwezi kuziba miaka mitatu ya kujaza mapengo, na waliopata D wako huko wanakoishi wakiamini kwamba zile zilikuwa akili zao. Kwa hilo hasa ndipo dharau yangu hugeuka kuwa kitu kizito zaidi. Hata Kilimanjaro hawakufanya vizuri kama ilivyotabiriwa. Mwongozo wa dukani ulikuwa umechanganya wahusika wawili, nao wakawachanganya vivyo hivyo, kwa hati safi.

Siku ya kutoa zawadi tulialikwa kurudi. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi na kusema kwamba mpango wa mikondo umezaa matunda, hata katika mkondo wa chini kabisa, na akatutaja sisi wawili tusimame. Kisha mkuu wa idara akapewa saa ya ukutani kwa juhudi zake, na ikatangazwa kwamba anahamishwa kwenda kuwa naibu mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Naivasha. Wazazi walipiga makofi.

Baada ya chakula alinijia akiwa na saa yake kwapani. Alininyoshea mkono na kuniambia kwamba siku zote alijua.

"Ulijua nini, mwalimu?" nikamuuliza.

Akatabasamu, akaangalia nyuma yangu akamwona mzazi aliyevaa suti, na akaenda kumsalimia.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kutwa, na wanafunzi wangu wanaazimana p na b wapendavyo. Mwaka jana katika kikao cha walimu mtu alipendekeza tuwagawe watoto wa darasa la kumi, wanaoanza sekondari kwa mtaala mpya, kwa uwezo, ili kila mmoja afundishwe kwa kiwango chake. Aliongea vizuri, kwa upole, na nia yake huenda ilikuwa njema. Nilimuuliza watakaopangwa chini watafundishwa na nani, na kwa kitabu gani. Akasema hayo yatatazamwa baadaye. Nikamwambia basi na kugawanya tutazame baadaye. Wengine walikuwa wamechoka na walitaka kwenda nyumbani, tukaliacha hapo.